Siku Sultani Alipopimwa Sakafuni

Wiki iliyopita nilitolewa nje ya darasa kwa kosa la kucheka. Professor wa Física, yaani mwalimu wetu wa fizikia, alikuwa ubaoni anahangaika na mishale yake, na nje ya dirisha mlinzi wa shule alikuwa anahudumia jenereta. Mlinzi akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati la mtu, na upepo ukaniletea puani harufu ninayoijua: oili nyeusi, iliyoungua ikapoa ikaungua tena, imeingia kwenye pamba na haitaki kutoka. Mtu mwingine angeziba pua. Mimi nikacheka mpaka kalamu ikaanguka.

"Atija, kuna nini cha kuchekesha kwenye msuguano?" professor akauliza.

"Hakuna, professor. Msuguano hauchekeshi hata kidogo. Ndiyo shida yake."

Nje.

Basi nikakaa chini ya dirisha, sina kazi, pua imejaa harufu ile, na utoto wangu ukaja ukakaa karibu nami. Najua mtasema mtu wa umri wangu hana utoto wa kukumbuka, bado anao mfukoni. Lakini nyie wenzangu mliorudi mjini kwetu Mocímboa da Praia baada ya vita, mkiwa mmekalia mizigo, mnajua kwamba kwetu utoto ulikuwa na kabla na baada mapema mno. Niacheni nikumbuke. Tena hii ni habari ya ushindi, msiniwekee nyuso za msiba.

Baba alikuwa na pikapu. Tulikimbia nayo, tukarudi nayo, na kati ya kukimbia na kurudi ilibeba mbuzi, milango, vitanda, na mara moja ilibeba mzee aliyekataa kushuka kwenye kiti chake, akasafiri amekaa juu ya kiti juu ya pikapu kama mtu anayesubiri kuletewa kahawa. Mjomba Bakari, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa msaidizi wa baba njiani, na ndiye aliyeipa pikapu jina la Sultani. "Kwa sababu," alisema, "haendi popote mpaka watu wamsukume."

Ilikuwa kweli. Stata, kile kinachoiamsha injini ukigeuza ufunguo, ilikuwa imekufa siku nyingi, na nyingine haikupatikana. Baba hakulia. Alitafuta nyumba kwenye mteremko. Watu wengine waliporudi walichagua pa kukaa kwa kuangalia kisima, msikiti au majirani. Baba alichagua barabara yetu kwa kuwa inashuka kuelekea bandarini. Kila jioni alimpandisha Sultani juu, akamlaza pua chini, akaweka mawe mbele ya magurudumu. Asubuhi Mjomba aliondoa mawe, Sultani akaanza kuteremka kimya, baba akaingiza gia, akaachia klachi, na katikati ya mteremko injini ikashtuka: hap! Mteremko ndio uliokuwa stata yetu. Hata kule Mueda, mji wa nyanda za juu walikopeleka samaki wa kuuza, hawakulaza gari mahali pasipoinama.

Lakini kabla ya mawe kuondolewa kulikuwa na ibada ndogo. Baba alirudi kutoka sala ya alfajiri, kofia bado kichwani, akafungua boneti, akasema bismillahi, akachomoa vareta. Vareta ni ile fimbo nyembamba ya chuma inayochovya tumboni mwa injini, na kwenye ncha yake ina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili ikifika katikati ya alama hizo, mambo shwari. Baba aliifuta kwa kitambaa, akairudisha mpaka mwisho, akaichomoa tena, akaiinua kwenye mwanga. Alifanya hivyo injini ikiwa baridi, imelala usiku kucha, kama baba yake alivyomfundisha, na hakuruka hatua hata siku ambayo samaki walikuwa wanaharibika.

"Ameshiba," baba alisema.

"Alhamdulillahi," Mjomba alijibu. "Laiti angetukumbuka na sisi."

Shida ilianza Ramadhani. Mbele ya usukani kulikuwa na taa nyekundu yenye umbo la birika, na mdomoni mwa birika tone linadondoka. Siku moja walinichukua kwenda Diaca, kijiji cha njia ya Mueda, kwa shangazi yangu, nikakaa katikati ya baba na Mjomba, na jioni tukiwa tunarudi, kila tulipopanda mwinuko, ile birika ikawaka. Nikaelewa papo hapo. Sultani alikuwa amefunga kama sisi, magharibi imekaribia, na alikuwa anaomba chai.

Nilimhurumia sana. Tulipofika nyumbani nikachukua kikombe cha chai ya tangawizi, nikakiweka juu ya boneti, nikakifunika kwa kisahani ili nzi wasimsumbue. Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu. Na siku hiyo baba akasema birika haikuwaka kutwa nzima! Walikuwa wamezunguka mjini tu, kwenye barabara za chini, lakini hilo mimi ningelijulia wapi? Nikaendelea kumpelekea Sultani chai kila futari mpaka mwezi ukaandama, na Mjomba Bakari akaendelea kunawiri. Hakusema neno. Mpaka leo nikimwuliza ananiambia alikuwa anazuia dhambi ya kuacha riziki ipotee.

Baba naye alikuwa na maelezo yake. "Waya huo," alisema. "Birika inawaka oili ikipungua. Oili haijapungua, nimeiona kwa macho yangu asubuhi. Kwa hiyo ni waya." Mjomba akachukua plasta ya kidonda, akaibandika juu ya taa. Shida ikaisha, kwa maana ya kwamba haikuonekana tena.

Baada ya Idi injini ikaanza kugonga. Ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi na haitikiwi. Baba akawa anaendesha amezima redio, amepinda shingo, kama mtu aliyekaa karibu na kitanda cha mgonjwa anasikiliza pumzi. Kila asubuhi alichomoa vareta, na kila asubuhi oili ilikuwepo, nyeusi, imepita katikati ya alama. "Kama oili ipo na bado inagonga," nilimsikia akimwambia mama, "basi chuma kimekwisha. Siku yoyote itakwama njiani." Kuongeza oili kwa kubahatisha hakutaka, kwa sababu alijua oili ikizidi nayo inaharibu. Mtu mwangalifu, baba yangu. Uangalifu wake ulikuwa unamuua Sultani taratibu, kwa adabu zote.

Halafu siku moja nikaambiwa nikunje nguo zangu. Kulikuwa na bwana mmoja wa Mueda aliyenunua magari yaliyokufa, akayakatakata na kuuza vipande. Angekuja siku ya pili, alasiri, amchukue Sultani. Bila Sultani hapakuwa na samaki wa kupeleka juu, na bila samaki hapakuwa na cha kutuweka pale. Tungeenda Pemba, mji mkubwa wa mkoa wetu, si kile kisiwa, kwa baba mdogo.

Watu wazima walilitamka neno Pemba kana kwamba ni habari njema. Mimi nilikwisha kuishi Pemba. Nililala miguuni pa watu. Nilikunywa chai baada ya watoto wa nyumba kumaliza kunywa. Shuleni wenzangu walikuwa na majina, mimi nilikuwa deslocada, mtoto wa waliokimbia vita, na mwalimu aliposema "deslocados wakae huku," nilijua bila kugeuka kwamba huku ndiko kusiko na madawati. Tuliporudi Mocímboa mlango wetu ulikuwa bati la kuokota, na nyuma ya bati lile nililala usingizi wa mtu aliye kwao. Sasa Sultani akienda, tunarudi kuwa wageni. Kuhusu injini sikujua kingine chochote, lakini hicho nilikijua vizuri.

Asubuhi ya siku ya kuuzwa, mizigo yote ilikuwa imefungwa. Kaango tu na mafiga vilibaki nje, maana mama alikuwa anakaanga badia za kunde za kula njiani, beseni zima. Yeye alichuchumaa upande mmoja wa moto, mimi upande wa pili.

"Geuza za kwako," mama akasema.

"Za kwangu zimeshika, mama. Zinaungua."

"Zitaunguaje na mafuta yamo?" Akachovya mwiko upande wake, akauinua, mafuta yakachuruzika. "Haya ni nini? Tele."

"Ya kwako ndiyo tele. Huku kwangu kukavu."

Mama akainuka akaja kuangalia. Upande wake badia zilikuwa zinaogelea. Upande wangu zilikuwa zimelala juu ya chuma kitupu, nyeusi kama makaa. Mama akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu habari ya Pemba ianze. "Figa la kwangu limezama mchangani. Kaango limeinama, mafuta yote yamenifuata mimi." Akaingiza kigae chini ya figa lake, kaango likakaa sawa, na mafuta yakarudi kwangu polepole, yakichemka.

Niliyatazama yakija. Kisha nikatazama barabarani. Sultani alikuwa palepale, pua chini, matako juu, mawe mbele ya magurudumu. Na vareta yake, ambayo nilipajua mahali pake kuliko nilivyojua jedwali la kuzidisha, ilikuwa mbele kabisa ya injini. Upande wa puani.

"Mama," nikasema, "baba anachovya upande wako."

Mama hakuniuliza "unasema nini?" Hilo ndilo ninalompendea. Aliniangalia, akaangalia kaango, akaangalia gari. Halafu akaita: "Baba Atija! Njoo uone badia."

Baba hakuwa na hamu ya badia, lakini alikuja. Mjomba alikuja nyuma yake, na yeye hamu alikuwa nayo. Mama akaondoa kigae, kaango likainama. Akachovya mwiko upande wa chini: mafuta. Akachovya upande wa juu: hamna. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema kwa sauti ile ninayotangazia magoli.

"Sultani hajashiba! Mafuta yote yamemkimbilia puani!"

Mjomba akaangua kicheko. "Epa! Dada, mtoto wako anataka kutengeneza injini kwa badia."

"Wewe je, mjomba? Mgonjwa analia, unambandika plasta mdomoni."

"Atija!" mama akasema, uso ameuficha kwenye ushungi ili tusimwone anavyocheka.

Baba alikuwa hajacheka. Alikuwa anatazama lile kaango lililoinama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe amelala mdomo wazi. Mwisho akatikisa kichwa. "Hata kama ni hivyo. Nitampima wapi? Nikimteremsha mpaka kwenye tambarare, nani atamwondoa? Stata hana. Na kumwasha hapa sitaki. Kama kweli tumboni hamna kitu, kumwasha ni kummaliza. Yule bwana anakuja alasiri. Akimkuta amekwama huko chini, hata wa kukatakata hatamtaka."

"Nitaleta watu wa kumsukuma."

"Watu gani? Wanaume wako baharini, wengine shamba."

"Watu, baba. Wewe teremsha."

"Na tambarare iko wapi? Barabara yote hii inashuka."

Hapo nikajua nimeshinda. Swali hilo watu wazima wa mtaa mzima hawakuwa na jibu lake, na kila mtoto wa barabara yetu alikuwa nalo.

Chini ya mteremko kulikuwa na sakafu. Zamani ilikuwa ya duka. Wakati wa vita kuta zilikwenda, bati likaenda, ikabaki saruji peke yake, wazi, imelingana na barabara. Pale ndipo tulipochezea gololi. Kwingine mtaani kwetu gololi haichezeki, ukiiachia inakwenda zake bandarini na kukuachia salamu. Lakini sakafuni gololi ilikaa ulipoiweka. Nikatoa mfukoni gololi yangu ya bluu, iliyo bora kuliko zote, nikaitia mkononi mwa baba.

"Kaiweke pale sakafuni. Ikitembea, tunaenda Pemba."

Nilikwisha kuondoka mbio kabla hajanijibu. Nilikuwa namtafuta Momadi, bingwa wa gololi, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado yanaota lakini matusi yake yalikwisha komaa. Nilimkuta anamfundisha mbwa wa jirani kusalimu.

"Momadi, kuna mtu wa Mueda anakuja kumnunua Sultani. Na sakafu anainunua pia. Anajenga ghala."

Nilimdanganya Momadi, na ikibidi nitamdanganya tena kesho.

"Sakafu yetu?" Momadi akaruka. "Kauziwa na nani? Na baba yake?"

"Sultani akiwaka, hanunui kitu. Lakini lazima tumsukume. Wote."

Momadi alikuwa mtoto wa biashara. "Kuna kula?"

"Badia. Beseni."

Akatia vidole mdomoni akapiga mluzi, na watoto wakachomoza kila kichochoro kama kaa maji yakishatoka ufukweni.

Tulipofika chini, baba alikuwa amechuchumaa katikati ya sakafu, kofia kichwani, anaitazama gololi ya bluu. Ilikuwa imekaa. Akaihamishia pembeni, ikakaa. Akaipeleka pembe ya pili, ikakaa. Mjomba akapiga magoti akaipuliza kwa mdomo. Ikasogea kidogo, ikasimama, kama inamwambia usinisumbue.

"Haya," baba akasema, na akaitia gololi mfukoni mwake. "Twende tukaondoe mawe."

Sultani aliteremka kimya, injini imezimwa, baba amekamata usukani, Mjomba anatembea ubavuni amekumbatia jiwe kama mtoto mchanga, tayari kulitupa mbele ya gurudumu breki zikikataa. Watoto tulikimbia nyuma. Gari likaingia sakafuni, likasimama, na kwa mara ya kwanza nikamwona Sultani amekaa sawa. Alionekana mgeni. Kumbe alikuwa mrefu mbele.

Nikarukia boneti. "Fungua, baba!"

"Ngoja."

"Tungoje nini tena?"

"Mafuta ya kwenye kaango yalirudi kwako mara moja?"

Nikashusha mkono kutoka kwenye boneti.

"Oili ni nzito kuliko yale. Iache ijipange."

Tukangoja. Kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko somo lolote la Física. Momadi alicheza gololi chini ya gari. Mama alikuja na beseni kichwani, akaliweka mbali na mikono ya Momadi. Baba alikaa kwenye kizingiti cha duka lisilokuwepo, anapiga vidole gotini. Kisha akainuka, akafungua boneti, akanigeukia.

"Wazo lako. Chomoa wewe."

Nikashika pete ya vareta, nikavuta. Ikatoka nyeusi yote, inang'aa, oili imepanda mpaka juu ya alama ya juu.

"Imejaa!" Momadi akapiga kelele. "Atija mwongo! Imejaa mpaka shingoni!"

Niliona Pemba yote, na miguu ya watu nitakaolala karibu nayo.

"Hiyo ya kwanza haihesabiwi," baba akasema kwa utulivu. "Imejipaka ikiwa njiani, juu huko kwenye mrija wake. Futa. Yote, mpaka kwenye pete." Nikafuta kwa kile kitambaa. "Irudishe. Mpaka ikae, usiache hata ukucha nje. Sasa ivute, na usiielekeze juu, oili itateremka ikudanganye."

Nikavuta.

Ilikuwa kavu. Nyeupe ya chuma, safi, inameta juani. Kwenye ncha kabisa kulikuwa na weusi kidogo, kama wanja kwenye kijiti cha wanja. Alama ya chini ilikuwa juu huko, peke yake, hata haikuguswa.

Baba akaichukua. Akafuta, akachovya mwenyewe, akavuta. Kavu. Mjomba akafanya vilevile. Kavu. Baba akakaa juu ya bampa, akaweka kiganja juu ya chuma kile kama unavyomshika mtu bega.

"Ametubeba hivi," akasema. "Mueda na kurudi. Tumbo tupu."

Mjomba akafungua mlango, akainama ndani, tukasikia plasta ikibanduka. "Tusamehe, mzee," akaiambia taa.

Na mimi je? Mimi niliipokonya vareta mikononi mwa baba, nikazunguka sakafu nzima nimeinua juu kama nahodha na kombe, watoto nyuma yangu wanapiga kelele bila kujua tunashangilia nini, mpaka baba akapaza sauti: "Atija! Irudishe hiyo, inaingia mchanga!" Nikaifuta, nikairudisha. Hata washindi hufuta.

Chini ya kiti cha Sultani kulikuwa na dumu la oili ambalo baba alilitunza kwa ajili ya siku vareta itakaposema imepungua. Siku hiyo ilikuwa haijapata kufika, kwa hiyo dumu lilikuwa jipya, na vumbi lake. Mama akakata chupa ya maji ikawa mpare wa kumiminia. Baba akamimina kidogo.

"Mimina yote, shemeji!" Mjomba akasema. "Kafunga muda mrefu."

"Hata aliyefunga haanzi na sinia zima."

Akamimina, akangoja, akafuta, akachovya. Alama ya chini imeguswa. Akamimina tena kidogo, akangoja, akafuta, akachovya. Ikapanda. Alipoona imekaribia alama ya juu, akafunga dumu.

"Bado imo," Mjomba akasema, anatikisa dumu.

"Na ibaki. Ikizidi inakuwa povu, na povu halilainishi chuma."

Hapohapo ndipo ikaja pikipiki, na juu yake bwana wa Mueda, amewahi, kijiti cha meno mdomoni. Akatazama gari lililo wazi boneti katikati ya sakafu tupu, watoto wamelizunguka wamekaa chini, mama na beseni lake.

"Ndiye huyu maiti?" akasema. "Naona mmekwisha kutandika na jamvi."

"Subiri kidogo, ndugu yangu," baba akamjibu, akaingia garini.

Momadi akatupanga nyuma, wakubwa katikati, wadogo pembeni. "Um, dois, três!" Tukasukuma. Ndala zikatutoka miguuni. Sultani akashuka sakafuni, akashika barabara ya chini, ile iliyonyooka kuelekea bandarini. Baba akaachia klachi. Gari likakohoa, likasimama, nasi tukalibamiza kwa mapaji ya uso. Bwana wa Mueda akacheka mpaka kijiti kikamtoka.

"Kazeni!" Mjomba akapiga kelele, bega lake limeingia kwenye chuma. "Badia zinapoa!"

Tukasukuma tena. Mtoto mmoja alikuwa analia kwa kukanyagwa na bado anasukuma. Mama akaja, akafunga ushungi kiunoni, akatia mikono karibu na yangu, na mikono yake ilinuka kunde na vitunguu. Sultani akaanza kwenda, akakimbia, tukakimbia, na mwisho hatukuwa tunamsukuma bali tunamfukuza.

Hap!

Moshi ukatupiga usoni. Ko-ko-ko, injini ikasema. Nikakimbilia mlangoni, nikaning'inia dirishani kutazama. Birika iliwaka, ikafikiri, ikazimika. Na ule mlio wa hodi ukaanza kurudi nyuma, ko-ko, ko, mbali, kama mtu amekaribishwa na ameingia ndani. Ukabaki mngurumo mmoja, mnene, wa mtu aliyekula.

Baba alishikilia usukani kwa mikono miwili, injini inanguruma, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu yoyote. Akaniangalia. "Ameshiba," akasema.

Bwana wa Mueda alisogea, akasikiliza. "Mie niliitwa kuchukua maiti," akasema, "naletewa mtu anakoroma."

"Anakoroma vizuri," mama akamjibu. "Kula badia, shemeji, safari yako ndefu."

Alikula. Alikula nyingi, kwa mtu aliyepata hasara. Halafu baba akawapakia wenzangu wote nyuma, akatuzungusha mpaka sokoni na kurudi, na kwa kuwa honi ya Sultani ilikuwa imekufa zamani, Mjomba alikuwa honi. Wanawake walitoka milangoni wakapiga vigelegele wakidhani ni harusi. Mimi nilikaa mbele, mahali pa Mjomba, mkono nje ya dirisha, nikapungia mtaa wangu kama gavana. Momadi alinidai lile ghala la uongo mwezi mzima.

Tuliporudi, beseni lilikuwa tupu, limebaki chumvi na mafuta. Mama akaliinamisha, akalitazama.

"Chakula cha njiani kimekwisha," akasema. "Hatuwezi kwenda Pemba na njaa." Akafungua furushi la kwanza, akatoa mkeka, akautandika palepale ulipokuwa.

Ndiyo maana nilicheka darasani. Jenereta ya shule ilikuwa imewekewa tofali upande mmoja tu, na mlinzi anajitangazia "imejaa, imejaa." Professor alipotoka kuniita alitukuta mimi na mlinzi tumelala kifudifudi, tunatazama kipande cha chaki kikibingirika juu ya ubao ambao jenereta imekalia.

"Na huo ndio msuguano?" akauliza.

"Hapana, professor. Huu ni mteremko. Huu unachekesha."

Stata ilipatikana baadaye, na Sultani sasa anaamka kwa ufunguo kama magari ya watu. Lakini baba bado anateremka naye sakafuni kila jioni na kumlaza pale, ili asubuhi oili iwe imejipanga. Gololi yangu ya bluu hajanirudishia. Iko kwenye kisanduku cha mbele, karibu na kitambaa. Akitoka sala ya alfajiri anaitoa, anaiweka chini karibu na gurudumu, anaitazama, ndipo anasema bismillahi na kufungua boneti. Nilimwambia ikitembea tunaenda Pemba. Mpaka asubuhi ya leo haijatembea.